Ziara ya Bi Sharifa Mitamboni

Chama cha wakulima wa korosho cha kijiji kimoja upande wa Nanyamba kina desturi nzuri, tusikinyime haki yake. Msimu ukiisha, wazee hupakiwa kwenye basi wakatembezwe. Mwaka juzi walionyeshwa bandari, mwaka jana kiwanda cha kubangua korosho. Bi Sharifa siku zote alikataa, akisema yeye na viwanda wapi na wapi. Safari hii, aliposikia ni mitambo ya gesi kule pwani, alijiandikisha wa kwanza. Wenzake wakamtania kwamba uzeeni ndiyo anaanza usichana.

Hawakujua. Hapo palipojengwa mitambo palikuwa shamba la marehemu mumewe, Mohamedi. Hapo ndipo alipoolewa, akalima muhogo, akazaa mtoto wake wa kwanza, wa kiume, ambaye alikufa kabla ya siku ya saba, hata jina hajapewa. Walimzika kimyakimya nyuma ya kichuguu. Miaka ikapita, wapimaji wa mradi wa gesi wakaja, wakauliza makaburi ya kuhamishwa ni mangapi. Mohamedi akataja la baba yake na la mama yake, basi. Kwao kichanga kisicho na jina hakikuwekewa hata matanga. Bi Sharifa alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake, akameza mate. Mwanamke angesimamaje kumsahihisha mume mbele ya wageni? Ndiyo malezi tuliyolelewa hayo, na yalaaniwe. Wakahamia Nanyamba, Mohamedi naye akafa, mama wa watu akabaki na donge lake kifuani.

Sasa alitaka kitu kidogo tu: asimame kando ya mwanawe, asome Fatiha, amwombe radhi kwa kunyamaza siku ile.

Getini walivalishwa kofia ngumu na mabuti mazito. Kijana mmoja mfanyakazi, Kelvin, aliwaamkia kwa adabu, akawaeleza jinsi gesi inavyotolewa chini ya ardhi, ikakaushwa, ikasafirishwa kwa bomba. Mzee Omari akauliza mbona basi umeme kwake hukatika kila siku, watu wakacheka. Bi Sharifa hakuwa na masikio ya hayo. Alikuwa anatafuta kichuguu.

Hakukuwa na kichuguu. Mikorosho, hakuna. Hata ule mteremko uliokuwa ukipitisha maji masika ulikuwa umesawazishwa. Kokoto tupu, kutoka uzio hadi uzio, na mabomba. Akageuka huku, akageuka kule, kila upande ni uleule. Akamuuliza Kelvin kichuguu kilikuwa wapi. Kijana akamjibu kwa upole kwamba yeye ni mtu wa Mbeya, alipokuja alikuta pameshasawazishwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wenzake walipoitwa kupiga picha, yeye hakuinua mguu.

“Bibi, sogea kidogo kwa wenzako,” Kelvin akasema.

“Nitamkanyaga.”

“Nani, bibi?”

 Bi Sharifa akainama kuvua yale mabuti, machozi yakimtiririka. Popote ambapo angetia mguu, huenda ndipo alipolala mwanawe. Watu wakadhani ni jua. Walinzi wawili wakambeba kama gunia la korosho mpaka kwenye basi, mmoja akinung'unika kwamba vikongwe hivi vingeachwa nyumbani.

Jirani yake Nasra ndiye aliyekaa naye, akimpepea kwa pembe ya kanga. Alimuuliza alikuwa anaogopa kumkanyaga nani. Hapo Bi Sharifa akasema yote, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nasra naye akalia, kisha akajaribu kumtuliza: mtoto yuko kwa Mola wake, Mungu anajua alipo, na dua hufika popote.

“Mungu anajua,” Bi Sharifa akasema. “Na mimi nilikuwa najua, Nasra. Mpaka asubuhi ya leo nilikuwa najua mwanangu kalala wapi. Nimekuja huku kumpoteza.”