Jiwe Kwenye Skrini ya Nne

Miaka ile ya foleni, jiwe lilikuwa mtu. Ukichoka kusimama unaweka jiwe lako, unakwenda zako, na ukirudi unakuta wenzako wamelisogeza mbele kwa heshima zote. Kiwanda chetu cha sukari, huku tambarare chini ya Moshi, kilipoletewa kompyuta, wafanyakazi wakaja na desturi hiyo ofisini. Skrini zilikuwa nne, wanaozitaka wengi, na zote ziliunganishwa kwenye mashine moja iliyokaa kwenye chumba chake chenye baridi. Basi mtu akienda kunywa chai anaacha kazi yake wazi na kuweka jiwe juu ya kibodi. Ole wako ukiligusa.

Mimi nilikuwa msichana kutoka Kirua Vunjo, mdomo ninao, na ndiye niliyepewa kuitunza ile mashine baada ya mtaalamu wa Kizungu kurudi kwao. Meneja hakuficha shaka yake. Alisema nikiiharibu itarudishwa kwenye sanduku lake, nami nirudi kwenye taipureta. Kauli ile inaniudhi hadi leo. Kuiwasha kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuizima. Umeme ukikatika mashine ikiwa bado inaandika, kumbukumbu zake zinavurugika, na fundi wa kuzinyoosha hakuwepo karibu zaidi ya Ulaya.

Umeme wenyewe tulijitengenezea kwa kuchoma makapi ya miwa. Siku ya kusimamisha kiwanda kwa usafi, king'ora kikilia mara ya pili, kila kitu kinazimika. Siku yangu ya kwanza kuizima peke yangu, kilipolia mara ya kwanza niliketi kwenye skrini yangu nikaandika ujumbe uende kwa wote: "Shikamooni wakubwa zangu. Tunazima. Tafadhali hifadhini kazi zenu mtoke." Mzungu hakunifundisha kuweka salamu, lakini bila salamu ungemtoa nani huku kwetu? Kisha nikaiuliza mashine nani bado yumo. Wengine walikwisha kutoka. Skrini ya nne bado.

Nikageuka. Ujumbe wangu ulikuwa unawaka mbele ya jiwe. Jiwe halisomi.

Lilikuwa la mzee wa idara ya mashamba, ambaye hakuona haya kusema kwamba kompyuta ni kazi ya mwanamume kutoka Dar. Siku nzima alikuwa ameingiza mavuno ya mashamba yote kwa kidole kimoja. Ningeweza kuandika amri ya kuzima na kumaliza mambo. Mashine ingemtupa nje pamoja na kazi yake. Ningeweza pia kumhifadhia, lakini namba yake ya mwisho ilikuwa imekatika katikati, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwafokea wote kwamba kazi ya mtu haiguswi. Nilijua akiipoteza kazi ile hatakalia tena kiti kile, na nusu ya ofisi itamfuata.

"Yuko wapi?" niliuliza.

"Foleni ya sukari," karani mmoja alijibu. "Aisee, usiguse jiwe la mzee!"

Nikalichukua, nikatoka nalo mbio. Sukari tulitengeneza sisi, na foleni tulipanga kama wengine. Mzee alikuwa amebakiza watu wachache tu kufika dirishani.

"Shikamoo, meku," nilimwamkia, nikimwita mzee kwa Kichagga.

"Marahaba. Mbona una jiwe langu?"

"Umeme unakatika sasa hivi, meku. Njoo uhifadhi kazi yako."

"Niache foleni? Nyumbani tunakunywa chai ya chumvi. We izime tu."

"Nikiizima, mavuno yako yote yanapotea."

Alinitazama, akalitazama dirisha. Sikungoja. Niliweka jiwe chini, palepale miguuni pake, nikamwomba mama aliyekuwa nyuma yake alilinde. Watu wakaangua kicheko, naye mzee akacheka, akanifuata huku ameshika kofia isianguke.

Aliimalizia namba yake kwa kidole kilekile, polepole mpaka nikatamani kumsukuma. Akahifadhi, akatoka. Nikaiuliza tena mashine. Nilibaki mimi tu. Nikaandika amri ya kuzima, herufi moja moja. Mashine ikajibu mstari baada ya mstari, ikifunga hiki na kile, halafu mvumo wake ukashuka, ukashuka, ukanyamaza. Nikazima swichi ya ukutani. King'ora kikalia, taa zikazimika. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Kiwanda kilipoanza tena niliiwasha, na mavuno yalikuwepo yote hadi namba ile ya mwisho. Mzee aliyasoma akifuatisha kidole kwenye kioo, kisha akaondoka. Nikasema moyoni, hata asante jamani?

Kesho yake alirudi na binti yake, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa tu nyumbani. Akavuta kiti, akamketisha karibu yangu.

"Mfundishe huyu," alisema. "Anza na kuzima."