Shairi la Keza, Mabamba

Naikumbuka asubuhi moja ya mwaka 2015, mwanangu, nilipomwambia bibi yangu kwamba nimeacha mashairi. Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu bado si nyingi, kwa sababu swali uliloniuliza ndilo lililokuwa linanisumbua siku ile: ya nini kuandika, kama hakuna anayesoma?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi Mabamba, mpakani, kwa bibi mzaa baba. Kazi hakuna. Mashairi niliyotuma magazetini hayakuwahi kutoka. Na barabarani watu walikuwa wanaingia kutoka Burundi, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Nikamwambia bibi kwamba ushairi ni mchezo wa walioshiba. Yeye alikuwa anachambua maharage.

"Sawa," akasema. "Basi leo utalima."

Sikulima. Mchana alifika mama mmoja amembeba binti yake mdogo, na binti alikuwa amekwisha kufa kwa homa njiani. Bibi alimfahamu yule mama kwa sura, maana siku za soko alikuwa akivuka kuja kuuza mawese. Kwetu mgeni akifiwa mlangoni kwako, msiba ni wako. Bibi akampa uji, kisha akatuonyesha mahali pa kuchimba, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nilichimba pamoja na jirani. Kaburi la mtoto huisha haraka, na hilo ndilo baya lake.

Tulipomaliza kuzika, bibi akachomeka tawi la mti juu ya tuta liwe alama. Lori la kuwapeleka wakimbizi kambini lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi, na yule mama alijua hatarudi pale.

"Nitamkumbuka kwa kitu gani, mama?" akamwuliza bibi. "Hata picha sina."

Bibi akanigeukia. "Huyu tulimsomesha maneno. Atakupa ya kwenda nayo."

Nilitaka kuuliza maneno yatamsaidia nini mtu kama yule. Lakini huwezi kuanza mjadala na bibi kizee aliyesimama juu ya kaburi na jembe mkononi. Nikatunga upesi beti mbili, vina vimekaa sawa kabisa: ua la peponi, lulu iliyozama, nyota iliyozimika kabla ya alfajiri. Nikazisema kwa sauti nzuri.

Yule mama akanitazama. "Kaka, huyo ni mtoto gani?"

Bibi hakusubiri nijibu. "Ua, lulu, nyota. Hayo unaweza kumsomea yeyote aliyekufa. Muulize wa kwake alikuwaje."

Nikaketi kwenye udongo, nikamuuliza. Alijibu kidogo kidogo, mara kwa Kirundi, ambacho sisi Waha tunakisikia bila taabu, mara kwa Kiswahili chake cha sokoni. Sikupamba kitu. Nilipanga tu:

Keza alipenda viazi vya kuchoma.
Aliogopa mbwa, mvua hakuiogopa.
Tulivuka mto akiwa mgongoni.
Tumemwacha Mabamba, kwenye migomba,
kwa bibi aliyetupa uji.

Akarudia baada yangu. Alikwama kwenye mstari wa mbwa, akajisahihisha mwenyewe. "Alikuwa akijificha nyuma yangu," akasema, na hapo ndipo akalia, kilio ambacho ningetoa chochote nisikisikie.

Usidhani nakusimulia jinsi shairi lilivyomponya mtu. Halikumponya. Asubuhi alipanda lori midomo yake ikitikisika. Labda alikuwa anarudia ile mistari, labda anasali, labda ilikuwa baridi tu. Sijamwona tena. Lile tawi lilikauka, mvua ikasawazisha tuta, naye bibi sasa amelala hapo hapo kwenye migomba. Mgeni akipita leo hataona kaburi la mtoto. Mimi nikipita, ile mistari ndiyo inayonisimamisha.

Kwa hiyo, mwanangu, wasomaji siwezi kukuahidi. Ninachokuambia ni hiki. Ukikwama, usikae unangoja neno zuri likushukie. Mtafute mtu mmoja mwenye lake moyoni, umsikilize, kisha uliweke kwa namna ambayo anaweza kuondoka nalo bila karatasi. Maneno makubwa mimi bado nayapenda, sina ugomvi nayo, lakini kabla hujayatumia jiulize yanamsema nani. Na kama utaacha, uache kwa sababu huna tena wa kumwandikia, si kwa sababu gazeti limekunyamazia. Lile swali lako la ya nini, mimi mwenyewe sijalimaliza. Naandika huku nauliza.

Mungu akupe sikio kwanza, sauti baadaye. Na siku utakapoitwa mbele ya aliyefiwa, akujalie usimwache aondoke mikono mitupu.