Ngazi Kumi na Saba za Ofisi ya Chama

Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba taipureta ya chama kutoka barabarani hadi ofisini, ghorofani, pale Voi. Ngazi zilikuwa kumi na saba. Nilizihesabu kwa sababu mikono iliniuma, na mpaka leo sijaacha kuzihesabu.

Ninyi vijana wa kompyuta, niwaeleze. Kazi kubwa ya karani wa tawi ilikuwa muhtasari, yaani kuandika yaliyosemwa kikaoni. Unaanza na waliohudhuria, kisha wenye udhuru, kisha wasiohudhuria. Halafu unatazama akidi, idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Yetu ilikuwa tisa. Nilipelekwa Taveta miaka minne, chini ya Katibu wa huko aliyepima pambizo zangu kwa rula, nikarudi Voi miaka ya sabini nikijiona bingwa.

Ndipo chama kikaamua kila tawi liwe na mjumbe wa walemavu. Sisi tulimpata Mkawasi, mfuma vikapu wa Sagalla, aliyepooza miguu tangu utotoni. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, akiiendesha kwa mikono.

Kikao cha kwanza vijana wa chama walimbeba juujuu. Kiatu kikamdondoka ngazini, wajumbe wakacheka. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema, "Mimi si robota la mkonge. Hapa chini kuna stoo tupu. Tukutane huko."

"Chama kikae stoo?" Mwenyekiti akashangaa. "Haya, tutapiga kura kikao kijacho."

Kikao kilichofuata Mkawasi alikataa kubebwa. Akakaa kwenye baiskeli yake chini ya dirisha letu. Juu tulikuwa na wajumbe wanane tu.

"Karani, yule mama wa baiskeli yuko?" Mwenyekiti akaniuliza.

"Yuko hapo chini, Mzee."

"Mhesabu basi. Tumetimia."

Ilipofika hoja ya stoo, niliuliza kama nishuke nikachukue kura yake.

"Kura inapigwa mkutanoni," Mwenyekiti akasema. "Na mkutano uko huku juu."

Hoja ikaanguka. Hasira ilinipanda, nikaimeza, nikaandika.

Vikao vitatu vilivyofuata akidi ilitimia bila yeye. Kila mara alikuja, akakaa palepale, akapaza sauti mpaka mtu akafunga dirisha. Kila mara Mwenyekiti aliniambia, "Andika hakuhudhuria." Katiba ya chama ilisema anayekosa vikao vitatu mfululizo anapoteza kiti. Nilikijua kifungu hicho. Nilikipiga taipu mwenyewe. Nilikuwa na watoto shuleni, ndiyo, lakini nisijifiche nyuma yao. Niliogopa.

Baada ya kikao cha tatu nilishuka na barua ya kumwondoa. Akaisoma polepole, mara mbili.

"Kaka Mwadime, leo umeniona hapa?"

"Nimekuona, dada."

"Na vile vikao viwili vya nyuma?"

"Nilikuona."

"Sasa hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yangu, kwa niaba ya Katibu wetu wa Voi. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Aligeuza baiskeli akaenda zake. Kiti cha walemavu akapewa mpwa wa Mwenyekiti, mzima wa miguu yote miwili. "Huyu angalau anaweza kupanda," Mwenyekiti akatuambia, na tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Nimestaafu sasa, niko nyumbani Chawia, na situlii. Mke wangu husema nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkawasi alishafariki. Miaka yote ile sikwenda Sagalla kumwomba radhi, ingawa kilima chake nilikiona kila siku nikiwa kazini.

Muhtasari ukishatiwa sahihi haufutwi. Kosa likionekana, aliyeandika huandika sahihisho, akaweka jina lake chini. Basi hili ni langu.

Vikao vitatu, tawi la Voi. Mkawasi wa Sagalla, mjumbe wa walemavu: alihudhuria vyote.

Mwadime, karani.