Sanda Aliyonichukulia Mtani

Nilipoingia jeshi la Mwingereza, mama alinitilia sanda kwenye mkoba. Kwa mama yangu, hapo Kiswere pwani, msafiri wa mbali hakuachwa aende bila bafta yake nyeupe ya kuzikiwa. Sikuipenda hata kidogo, lakini mama habishiwi.

Vita vikatupeleka Usomali, tukakutana na Waitaliano kwenye uwanda wa chumvi, mweupe pe. Kaki zetu zilionekana kama inzi kwenye maziwa. Siku ya kwanza bombomu lao, ile bunduki ya rasharasha, lilitukata wanne. Mmoja alitambaa ameshika matumbo yake mkononi mpaka akatulia. Sajini akaamuru kila mtu ajifunike kitu cheupe kabla hatujashambulia tena. Watu wakachana vyandarua, wakatoboa mifuko ya unga mahali pa shingo na mikono.

Mimi nikaukumbatia mkoba wangu. Mzima avae sanda yake? Huko si kujipeleka kaburini?

Mwenzangu mmoja, mkulima wa Mitole, alikuwa mtani wangu, na mtani akikuchukulia kitu huna ruhusa ya kununa. Akaufungua mkoba, akajitanda ile bafta, akaniachia mimi mfuko wake wa unga.

"Watu wa pwani bwana, mnatembea na mauti begani! Lete, nikaoe nayo."

Ningeweza kumzuia. Sikumzuia, kwa sababu nilifurahi. Kama ile nguo ilikuwa na balaa, basi balaa limeondoka na mwingine. Ndivyo nilivyowaza, na sitaki kujipamba.

Tukatambaa mpaka karibu na adui, tukainuka. Nilimchoma Mwitaliano mmoja singe chini ya mbavu, ikakwama, nikamkanyaga kifua ili niichomoe. Nilipogeuka, mtani alikuwa amekaa chini ameshika shingo, damu ikimtoka kwa nguvu kati ya vidole. Aliniangalia, akajaribu kucheka. Hakumaliza.

Tulimzika na bafta ile ile, nyekundu tupu kifuani. Kwetu mtani ndiye mwenye kazi ya kumtukana marehemu kaburini, wafiwa wapate kupumua. Nikasimama ukingoni, nikapaza sauti:

"Mwizi wewe! Nirudishie sanda yangu! Hata kufa unafia kwenye nguo ya mtu!"

Sajini, mtu wa nchi nyingine, hakuijua mila hiyo. Alinipiga kitako cha bunduki mdomoni, jino likatoka. Nikaendelea kumtukana mtani wangu nikiwa pale chini, mdomo umejaa damu, mpaka wakamaliza kufukia. Maana ningenyamaza, ingenibidi nimwombe marehemu radhi.