Siku Niliyokataa Posa kwa Kiingereza

Aliyenifundisha Kiingereza alikuwa sista wa Kizungu, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde. Mwaka mzima alitufundisha kukataa. Yeye aliita sarufi. Ubaoni alichora jedwali la safu tatu. Ya kwanza ilikuwa na watu: mimi, wewe, yeye. Ya pili ilikuwa na vitendo vilivyokanushwa: siendi, sitaki, sicheki. Ya tatu ilikuwa na vineno vidogo ambavyo Kiingereza huvitumia kumfikia mtu: pamoja naye, kwake, kwa ajili yake, kutoka kwake. Kazi yetu wasichana ilikuwa kuokota kimoja kutoka kila safu na kuimba sentensi mpaka sista atosheke. Hakutosheka.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi Kirumba, kando ya ziwa, enzi hizo za Mwingereza, na mimi nilikuwa mbishi tangu kuzaliwa. Nilibishana hata na lile jedwali. Kwetu mtu anasema "simpikii" na mambo yamekwisha. Mimi, yeye, chungu na kukataa kwangu, wote wamo ndani ya neno moja. Kiingereza kinawapanga mstari kama watu wanaosubiri chanjo. Halafu vile vineno. Kiswahili kina "kwa", linafanya kazi ya watu watano wala halilalamiki. Kiingereza kimeajiri kila mmoja na kazi yake, na ukimpa mmoja kazi ya mwenzake unapigwa rula. Hata kumcheka mtu, ambako sisi tunamcheka moja kwa moja, wao lazima waweke kineno katikati, "at", ndipo kicheko kimfikie. Nilimuuliza sista kwa nini. Akasema ndivyo ilivyo.

Nyumbani nilijizoeza nikigeuza dagaa wa mama juani. "I do not laugh at him," niliwaambia dagaa, simcheki, na dagaa hawakuwa na swali.

Ulikuwa umebaki mwaka mmoja niwe mwalimu. Hapo ndipo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipoleta posa. Mwanamume alikuwa mjane kutoka upande wa Usagara. Shangazi alitueleza habari za ng'ombe wake mmoja mmoja, mpaka na yule mwenye pembe moja, lakini habari za mwenyewe alizipitia haraka. Nilimwambia mama kwamba nataka kumaliza shule. Mama akasema nimwambie baba. Nilimwambia baba, naye akasema mambo hayo ni ya shangazi. Nilipomwambia shangazi, akaniambia, "Mama, kwani shule inakimbia?"

Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu watu wanaonijua hawaamini. Nilijua wageni wakipokewa na kula, kilichobaki ni swali moja tu, na swali lenyewe kwetu lilikuwa limetengenezwa vizuri. Binti hakuulizwa kama anataka. Shangazi alimuuliza mbele ya wazee, "Wageni umewaona?" Akinyamaza, amekubali. Akisema amewaona, amekubali. Akilia, amekubali zaidi. Jibu la kukataa halikuwekwa, na binti aliyetamka "simtaki" mbele ya wazee alikuwa kama amewamwagia uji kifuani.

Nilifikiri siku tatu. Siku ya nne nikapata wazo ambalo kwa umri wangu niliona ni la akili sana. Nitakataa, tena kwa ukamilifu, lakini kwa Kiingereza. Hakuna atakayeelewa, hivyo hakuna atakayetukanwa. Mungu ataelewa, maana sista alituhakikishia hivyo, na siku nikilia kwa mume nitajua kwamba nilikataa.

Wageni walikuja Jumapili mchana, watu sita. Mjane mwenyewe alikuwa mtu mzima, mrefu, kanzu imepigwa pasi mistari imenyooka. Nilikuwa nimepika sato na ugali, kwa mkono wangu, kama ilivyotakiwa. Aligeuza samaki upande wa pili bila kumvunja mwiba hata mmoja. Nililiona hilo na sikulifikiria.

Shangazi akaniita. Nikapiga magoti mkekani.

"Wageni umewaona, mwanangu?"

Nikainamisha kichwa na kuanza, kwa sauti ya darasani. "I do not want him." Simtaki. "I will not go with him." Sitakwenda naye. "I will not live with him." Sitaishi naye. Nilikuwa napendezwa; vineno vyote vilikaa mahali pake. Nikamalizia, "I will not cook for him." Sitampikia.

Mjane alikuwa bado na tonge la mwisho mkononi. Tonge lilisimama hewani, halafu likarudi sahanini taratibu.

Baba akamtazama shangazi. Shangazi, ambaye hajawahi kukosa jibu maishani, akasema, "Anawaombea dua ya Kizungu."

"Amina," wakasema wazee.

Mjane hakusema amina. Aliomba ruhusa ya kusema, jambo ambalo mposaji hafanyi, ana mshenga wa kumsemea.

"Wazee wangu, nisameheni," alisema. "Mimi nimekuja kutafuta mtu wa kulima na kunichungia nyumba. Binti huyu ana dua nyingi. Nyumba yangu ni ndogo, dua zote hizo tutaziweka wapi? Mwacheni amalize masomo yake."

Mshenga wake alifunika uso. Mjomba wangu mmoja alicheka akapaliwa. Baba alikasirika sana, lakini hasira yote ilikwenda kwa mtu aliyekula samaki wake na kumkataa binti yake. Kwangu haikufika hata kidogo. Mimi nilikuwa binti aliyewaombea wageni.

Ilinibidi ninawishe wageni mikono kabla hawajaondoka. Nilipofika kwake na birika, aliinama kama anayetafuta sabuni, akasema chini chini, "I am not angry with you."

Sijakukasirikia. Sentensi nzima, na kineno chake, bila kosa. Maji nikayamwaga kwenye kanzu yake. Akasema si neno.

Jioni nilimbana shangazi mpaka akasema. Mjane alikuwa amepika miaka saba nyumbani kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Shangazi alikuwa ameificha habari hiyo kwa sababu aliona mwanamume mpishi angenichekesha. Kwa hiyo mjane alikuwa amekielewa kila kineno, na samaki wangu mdomoni. Angeweza kuwatafsiria wazee. Ningepigwa, shule ingekwisha siku hiyo hiyo, na pengine ningeozwa kwa mwingine kabla ya masika.

Nilimaliza mwaka wangu. Nikawa mwalimu.

Yeye alipata jina. Habari ilitangulia kufika kwao kabla yake, na tangu hapo wakamwita Mkimbia Dua. Lilikuwa jina la kuchekesha, na watu wa kanda ya ziwa wakipata jina la kuchekesha hawaliachii. Miaka mingi baadaye nilikuwa pale mwaloni Kirumba, mitumbwi inapotua, nikinunua samaki, na wanawake wakamwona akishuka njiani na kikapu, mzee sasa. "Huyo! Mkimbia Dua!" Mmoja akaeleza kisa kwa wasiokijua: kulikuwa na binti fulani, akaomba dua, mwanamume akatoka mbio. Walicheka wakashikana mabega. Mmoja wao akanitazama mimi, mwalimu, ambaye sikuwa nimecheka bado.

Nami nikacheka.

Alisikia, akageuka. Aliniona na akanitambua, nina hakika. Akaniinamia kichwa kidogo, kwa heshima, kama mtu anavyomsalimu mwalimu, akaenda kuchagua samaki.

Nimefundisha lile jedwali la sista kwa miaka yote ya kazi yangu, safu kwa safu, kwa sababu linafaa. Sentensi ya dagaa ipo ndani yake: I do not laugh at him. Nyingine zote naanza mimi, watoto wanafuata. Ile naiandika ubaoni, nawapa mgongo, na wanaisoma wenyewe.