Filamu ya Kithai na Kofia ya Kaka

Filamu ile ya Kithai niliiangalia mara mbili. Mara ya pili nilikwenda na daftari, kwa sababu sikusoma chuo chochote na siiamini kumbukumbu yangu. Ni hadithi ya wafalme wao wa zamani: takriban saa tatu za tembo wa vita, majumba, na mavazi ya nyuzi za dhahabu ambayo sijapata kuona mfano wake. Nikarudi nyumbani Al Amerat, pembeni mwa Maskati, nikasoma kila uhakiki nilioupata, kamusi mkononi. Karibu wote walisema neno moja: mapambo mengi, hadithi kidogo. Sikukasirika. Kila mtu na jicho lake.

Nilikasirika Ijumaa, baada ya alasiri, sebuleni kwetu. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, mstaafu wa wizara, ndiye mhakiki wa ukoo. Kila wiki huandika uhakiki kwenye kundi la simu la jamaa wa Maskati na Unguja, na hutusomea sisi kwanza. Wiki ile ilikuwa zamu ya filamu ile ya Kithai. Mama alikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

"'Fedha zimeteketea kwenye nyuzi,'" alisoma. "'Kudarizi si kazi ya akili. Ni kazi ya mwenye muda wa kupoteza.'"

Akanyanyua uso kungoja sifa. Kichwani alivaa kofia ya mkono aliyoshonewa na Mama, tundu moja moja, miezi minne. Mama alishona kofia tangu hajaolewa. Kwa kofia hizo nimelelewa mimi, na kaka, alipofiwa na mama yake, kwa hizo hizo alisomeshwa.

"Kaka," nikasema, "na yule bibi mshonaji?"

"Bibi gani?"

"Mfalme anarudi kutoka vitani, joho limechanika. Bibi analifumua alishone upya, na ndani yake anakuta mshipi wa mwanawe aliyekwenda naye vitani, uliofungiwa jeraha la mfalme. Ndivyo anavyojua mwanawe amekufa. Anaendelea kushona, dakika saba nzima."

"Hiyo sikuiona. Mie n'litoka katikati."

"Ulitoka?"

"Sasa mtu mpaka amalize sufuria ndo ajue chumvi imezidi?"

Wakacheka. "Mwacheni," akasema shemeji yangu, mke wa kaka, "huyu hata machozi huyapimia saa."

Mimi sikucheka. Nilimwomba kaka kitu kimoja tu, afute maneno yale ya kudarizi. "Mengine yaache. Mimi ndiye nnayemsomea Mama."

"Mama mdogo na Wathai wapi na wapi? Usinitie udhia, bwana, wewe na daftari lako." Akabonyeza simu, ikaenda kwa ukoo mzima.

Asubuhi yake Mama aliniita nimsomee ule uhakiki, maana macho yake hayaoni tena herufi wala tundu la sindano. Mimi husoma neno kwa neno, hata tanbihi. Siku ile niliruka sentensi mbili.

"Rudi nyuma," akasema. "Umeruka."

"Sijaruka, Mama."

"N'lisikia jana, mwanangu. Nnataka kujua kama kayaacha humo maneno yale."

Nikasoma. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza yule bibi alishonea uzi wa rangi gani. Nikafungua daftari. Dakika nilikuwa nimeziandika. Rangi ya uzi sikuandika.

Kofia za kaka huletwa kwa Mama kila Jumatatu. Huzifua, huzitia wanga, huzikausha juu ya bakuli zishike umbo. Kazi hiyo haihitaji macho. Safari hii ililetwa ile ile ya miezi minne. Mama alipitisha kidole mzunguko wote, taratibu, akairudisha kwenye mfuko wake bila kuifua, na jasho lake.

"Mpelekee. Mwambie mie sina muda wa kupoteza."

Niliipeleka siku ile ile. Nikamkabidhi mlangoni, mkewe amesimama nyuma yake, nikamfikishia maneno ya Mama yote. Sikuruka hata moja.