Simu Iliyosema Kigogo

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anaishi Bahi, kule ambako ardhi imebonyea na maji ya mvua yakishafika hayana haraka ya kuondoka. Analima mpunga, ana ng'ombe wachache, na Jumapili anaimba kwaya. Kusoma alijifunzia kwenye vitabu vya kanisa vya Kigogo. Mpaka leo akisoma Kiswahili midomo yake hutembea polepole nyuma ya macho. Akisoma Kigogo midomo hutulia, na uso wake huwa kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Binti yake aliyeolewa Singida alimpelekea simu ya kugusa, mpya. Mimi ni mwalimu wa jiografia na nimepanga Miyuji, mjini Dodoma, kwa hiyo ilipofika likizo nilitumwa kwenda kumfundisha. Tulikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Upepo wa kiangazi ulikuwa unapita na vumbi lake jekundu, na kila mara shangazi aliifuta simu kwa pindo la kanga kama anayemfuta mtoto pua. Nilimwonyesha kupiga, kupokea, kutazama picha. Alielewa haraka. Kisha kidole chake kikateleza kikaingia kwenye orodha ya lugha, na hapo akakataa kutoka.

"Hizi zote ni lugha za watu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Wapo kweli watu wanaosema hivi?" Alikuwa anatazama maandishi yenye mikia na vitone.

"Wapo."

"Na yetu iko wapi?"

Nilijua haimo, lakini nilipandisha orodha na kuishusha, kwa sababu alikuwa ananiangalia.

"Haimo, shangazi."

"Wametusahau, au hawatujui?"

"Nadhani hawatujui."

Akaifuta tena simu kwa kanga. "Basi iweke wewe. Wewe si mwalimu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Niliporudi Miyuji nilimweleza jirani yangu wa chumba cha pili, mtu wa Bukoba, fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya serikali. Alikuwa mpole, mwenye tabia ya kufumba macho anapofikiri, na nilidhani ataniambia niache upuuzi. Alifumba macho.

"Inawezekana, mwalimu," akasema. "Lakini maneno ya simu yameandikwa ndani kabisa, mahali ambapo mwenye simu haruhusiwi kufika. Lazima uiruti."

"Kuruti ndiyo nini?"

"Kuifikia mizizi yake. Ukishaifikia, unabadilisha chochote, hata walichokuficha. Ila kabla ya mizizi kuna kitu kinaitwa butiloda. Ukiwasha simu, hicho ndicho kinaamka kwanza, na ndicho kinachoamua nani aamke baada yake. Kikiwa kimefungwa, kinakubali kazi ya kiwandani tu. Simu nyingine unakifungua mwenyewe. Nyingine, hata ulie."

Tulikubaliana tuanze na simu yangu ya zamani, iliyopasuka kioo pembeni. Kabla ya hapo nilihitaji maneno.

Miezi ile naikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi wa mchana, mwanga mwingi na sauti zinazotoka mbali. Jumamosi nilipanda basi la Bahi, nikashuka barabarani na kuchukua bodaboda mpaka mashambani. Mvua zilikuwa zimeanza, mbuga ikawa kioo kirefu kisicho na mwisho, na ndege weupe walisimama ndani yake bila kufanya lolote. Shangazi alikuwa kwenye jaruba la mpunga, matope magotini. Nilisimama kwenye tuta nikimwita kwa neno moja moja, naye akijibu bila kuinua mgongo.

"Shangazi, betri tuiiteje?"

"Inafanya nini?"

"Inatunza nguvu. Ikiisha, simu inazima."

Akachomeka mche. Akachomeka mwingine. Kisha akatoa neno ambalo kwao ni pumzi ya ng'ombe aliyetembea mbali. Nikalirekodi.

Neno la mtandao lilitusumbua. Alitaka kwanza kujua uko wapi. Nikasema uko hewani, unakuja na kupotea. Akainuka, akaukabili upepo macho yakiwa yamefinywa, na kwa muda niliona amesahau kama nipo. Jibu lake lilikuwa neno la njia ya mifugo, ile isiyolimwa na mtu, ambayo nyasi zikiota huwezi kuiona lakini ng'ombe wanaijua.

Kufuta ndiko kulikoleta ugomvi. Shangazi alisema kuna kufuta kwa kutupa na kuna kufuta kwa kufukia nyayo, na simu lazima ichague. Mwanakwaya mwenzake, mama aliyezaliwa Gulwe, kando ya reli, akaolewa Bahi, akasema maneno yote mawili si sahihi, kwao hawasemi hivyo. Walibishana kwenye tuta mpaka chai ikapoa.

"Ninyi wa reli mmechanganyikiwa na treni," shangazi akamwambia.

"Na ninyi mmelowa maji vichwani," mwenzake akajibu, na wote wawili wakashikana mabega kwa kicheko, karibu waangukie mpunga. Neno nililoliingiza mwisho lilikuwa la Gulwe. Shangazi ndiye aliyeamua hivyo, na hakutaka kueleza.

Kuifungua simu yangu kulichukua mchana mmoja wa Jumapili. Jirani aliiunganisha na kompyuta yake kwa waya, na kwenye kioo kikatokea onyo: ukiendelea, kila kilichomo kitafutika. Picha na sauti za shangazi nilikuwa nimeshazihamisha. Hata hivyo kidole changu kilisita. Nilibonyeza. Simu ikazima, ikakaa giza muda mrefu, na ilipoamka haikunijua. Iliniuliza mimi ni nani, niko nchi gani. Niliishika mkononi nikajisikia kama niliyeingia kwenye chumba nilichokaa miaka nikakikuta kimefagiliwa, hakuna hata msumari ukutani.

Mara ya kwanza tulipoweka maneno yetu, simu iligoma kwenye nembo, ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Jirani alifumba macho. "Tumekosea herufi mahali," akasema, na tukaanza kuitafuta. Wiki kadhaa zilipita hivyo. Kisha jioni moja, jua likishuka nyuma ya vilima na mashamba ya zabibu yakiwa ya rangi ya shaba, simu iliamka moja kwa moja na kuandika: *Mbukwenyi*. Salamu ya nyumbani. Jirani, asiyejua Kigogo hata kidogo, aliisoma kwa lafudhi ya Kihaya na kuniuliza aitikie nini.

Haikuwa kamili. Ukizama sana ndani, Kigogo kiliisha ghafla na Kiingereza kikatokea. Na programu ya benki yangu ilikataa kufunguka, ikasema kifaa hiki si salama. "Hiyo ndiyo bei yake," jirani akasema. "Wakijua umefika kwenye mizizi, hawakuamini tena."

Likizo iliyofuata alinisindikiza Bahi ili tuifanyie simu ya shangazi vilevile. Shangazi alichinja kuku. Jirani akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, "Marahaba, baba, karibu," kisha akatoa kompyuta, akachomeka waya, akafungua ukurasa uliofichwa wa mipangilio ambako simu huruhusu kufunguliwa. Kitufe kilikuwepo, lakini kilikuwa cha kijivu. Ukikibonyeza hakitikisiki. Akajaribu njia nyingine, na nyingine. Ugali ukaletwa, akala kwa mkono mmoja huku mwingine ukiandika. Mwisho akachomoa waya taratibu.

"Hii imefungwa, mama. Ilifungwa huko huko kiwandani."

"Ufunguo anao nani?"

"Walioitengeneza."

"Si tuwaombe?"

"Kwa aina hii ya simu, hawatoi."

"Hata kwa mwenyewe? Simu si yangu?"

Jirani akaanza kuukunja waya. "Ni yako, mama," akasema. "Unaweza hata kuivunja. Lakini huwezi kuibadilisha lugha kwa maneno yako."

Shangazi aliichukua, akaigeuza upande wa nyuma kana kwamba tundu la ufunguo lingekuwa pale. Sikumwona akikasirika. Alionekana kama mtu aliyefika kwa jamaa akakuta mlango umefungwa na anasikia watu wakiongea ndani. Nilimwambia nitatafuta simu nyingine, tutajaribu tena.

"Yako ile inafunguka?"

"Inafunguka, shangazi, lakini ni kuukuu. Kioo kimepasuka."

"Kioo nasoma? Nasoma maneno. Nipe hiyo, chukua hii."

Nilimweleza mabaya yote: haitapokea tena maboresho, mambo ya benki yataikataa. Akanikatiza. Benki yake ilikuwa na kwato nne, akasema, na kutuma hela kwa kubonyeza namba alishakujua. Tukabadilishana laini pale pale, kuku akiwa bado kwenye sinia. Nimekuwa nikiitumia ile simu yake ya kung'aa tangu siku hiyo. Ni nzuri, ina kasi, na programu ya benki inaniamini.

Yeye amebaki na ile yenye ufa. Mama wa Gulwe huja kuisoma, na wakifika kwenye neno la kufuta yeye huinua kidevu kwa ushindi. Wanakwaya wengine wameleta marekebisho. Mchungaji naye alitaka salamu ibadilishwe iwe ya kikanisa, shangazi akakataa kwa heshima. Pale ambapo Kiingereza hutokea ghafla, huirudisha simu nyuma mpaka Kigogo kitokee tena, kisha huendelea na shughuli zake.

Juzi nilimpigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Nikaanza kufikiria maji, nyoka, presha. Ya tatu akapokea, na nyuma yake nilisikia vyura, na mtu akifukuza ndege kwenye mpunga.

"Shikamoo shangazi. Mbona hupokei? Nimeogopa."

"Marahaba, mwanangu. Niko mzima." Sauti yake ilikuwa ya polepole, kama iliyoamshwa. "Ilipoita iliandika kwa Kigogo kwamba kuna mtu wa kwetu ananiita. Nilikuwa nasoma."